Nilivyoandika shukrani za mama yangu kabla hajafungua mdomo

Wakuu, wa umri wangu habari za magoti? Vijana marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Haya ni ya kweli tupu. Mjinga wa kisa ni mimi, na sijawahi kuona mtu akijitungia aibu ya uongo.

Enzi za vijiji vya ujamaa, upande wa Shelui. Nilikuwa na form four yangu na kipaji kimoja: kukaa nyumbani. Siku ya kuchagua katibu wa kijiji sikwenda mkutanoni. Wakanichagua kwa kosa hilohilo.

Kazi yenyewe nyepesi. Wilayani walitaka muhtasari wenye "wananchi waliafiki kwa kauli moja". Waliafiki nini, hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti anaamua kwake, mimi naandika kwetu, siku moja kabla ya mkutano. Mnaojisifia copy and paste, sisi tuliianza kwa kalamu ya wino.

Likaja suala la kisima. Kina mama wanakitaka bondeni, jirani na nyumba. Mwenyekiti anakitaka ofisini, kule kilimani, wageni wakione.

Mimi maji nilikuwa nayakuta mtungini, so sikuona tatizo.

Siku ya mkutano mwenyekiti kahutubia mpaka watoto wamelala. Mama yangu mzazi akanyoosha mkono.

"Mama, muda umekwisha. Katibu, soma muhtasari tufunge."

Nikasoma kwa sauti ya kisomi: "Kina mama, wakiongozwa na mama wa katibu, walishukuru na kuafiki kisima kichimbwe ofisini."

Mkono wa mama bado uko juu.

"Ndugu Katibu," akasema. Aliyenizaa, wakuu, ananiita ndugu! "Nimeshukuru saa ngapi?"

Kicheko.

"Huo ni utaratibu tu, mama," mwenyekiti akadakia.

"Basi utaratibu unirudishie mdomo wangu."

Mikono ikahesabiwa palepale. Kisima kikaenda bondeni. Tangu hapo watu hawakutawanyika bila muhtasari kuandikwa na kusomwa mbele yao. Hata mwenyekiti, mzee wa kuchelewa, akaanza kuwahi. Aliogopa wataanza bila yeye.

Mimi nikarudi nyumbani kusubiri ugali wa uwele na mlenda. Sahani haiji.

"Mama, chakula?"

"Chakula gani tena, Ndugu Katibu? Nimeshaandika umeshiba."

Siku hizi mnaita ushirikishwaji, mna semina na fulana. Ofisi haibadilishwi na fulana. Inabadilika siku watu wanapogoma kuondoka kabla ya kusomewa.

Haya, wa mitaa mingine shukeni hapo chini: mwaka huu mmeshashukuru mara ngapi?