Siku Nilipokata Kamba za Babu

Babu yangu aliandika habari za siasa magazetini, kisha serikali ikamchukua awe mwandishi wa historia ya nchi. Sasa haoni. Karatasi zake zimejaa chumba cha nyuma, hapa Magarama, mjini Gitega. Likizo ile mi ndiye niliyekaa nazo, kwa sababu karatasi hazikuulizi mbona uko kimya.

Alizifunga mafungu mafungu kwa kamba za mgomba. Niliona ni uchafu tu. Shuleni tulifundishwa kwamba historia hupangwa kwa miaka, basi nikakata kamba zote, nikapanga karatasi kwa miaka. Siku tatu nzima. Sikumwambia, nilitaka agundue mwenyewe, anisifu.

Akaja mama mmoja kutoka Muyinga, kwa basi la alfajiri. Babu alimhoji baba yake zamani, na huyo baba akafa binti bado ananyonya. Hana hata picha yake. Alitaka kusikia tu alisema nini.

"Wa kilima gani?" babu akauliza, maana huku kwetu mtu hutambulishwa kwa kilima anakotoka.

Mama akakitaja. Babu akaingia chumbani, akawa anapapasa rafu. Hapo ndipo nilipojua: mafungu yalikuwa ya vilima, na kila kilima kilikuwa na idadi yake ya mafundo kwenye kamba.

"Kamba iko wapi?"

"Nilizikata, babu. Nilipanga kwa miaka."

Akaacha kupapasa. "Miaka! We, mtu akija hapa anajua mwaka? Anajua kilima." Akamgeukia mgeni. "Bon, mama, utanisamehe. Iko msomi humu ndani. Ameniongezea upofu."

Mama alicheka. Mi sikucheka.

Mwaka wa mahojiano babu hakuukumbuka. Ikabidi nisome karatasi moja moja kwa sauti, jina la kilima na la msemaji, mbele ya mtu nisiyemjua. Mimi, ambaye darasani nikiinuliwa kusoma husingizia koo.

"Paza, mwanangu," mama aliniambia. "Mi si mwalimu, sikupi maksi."

Tuliipata baada ya chakula cha mchana. Ukurasa mmoja. Babu alimwuliza baba wa mama huyo kuhusu chama na viongozi. Yeye akajibu kwamba mibuni ya jirani inavuka mpaka. Akaulizwa tena. Akasema babu, mgeni wake, ale ndizi kwanza.

"Huyo alinichosha," babu alisema. "Siasa hataki kabisa."

Mama alikuwa ameshika mdomo. "Rudia pale pa mibuni."

Nikarudia.

"Mpaka leo inavuka," akasema. "Kaka yangu anagombana na jirani hao kila mavuno."

Aliomba aondoke na ile karatasi. Babu akakataa, karatasi zake hazitoki. Nikainakili kwa mkono, neno kwa neno, na ndizi zikiwemo. Mama akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akatuaga kabla basi la Muyinga halijamwacha.