Gusa Kizibo

Kamati ya Chama cha Mashua inautangazia umma kwamba mashua zake sita za tanga za kukodisha zilitoka kiwandani siku moja, zina urefu mmoja na uzito mmoja, na kwa hiyo hakuna mwanachama wala mgeni atakayependelewa. Kila asubuhi ya mashindano, vikaratasi sita hukunjwa na kutiwa kwenye kofia ya mwenyekiti, na kila nahodha huchota bahati yake. Tangazo limetiwa fremu. Kioo chake hufutwa kila wiki.

Anayekifuta ni fundi wa mashua, mwanamke wa makamo ambaye mikono yake haijaachana na gundi kwa miaka kumi na saba. Ndiyo maana gatini wote humwita Mama Gundi. Wanaokodi ni wahasibu, mawakili, wakuu wa shule: waungwana ambao wiki nzima hawainui kitu kizito kuliko kalamu, halafu Jumamosi wanataka kuitwa manahodha. Mama Gundi hamkabidhi yeyote mashua mpaka aingize mkono kule nyuma, chini ya usukani, aguse kizibo cha mpira kinachozuia maji, kisha atie saini kwamba amekigusa.

"Gusa kizibo, Daktari," alimwambia daktari wa meno, aliyekuwa amechota namba tano.

"Mama Gundi, siku sita natia mkono vinywani mwa watu. Na leo tena?"

"Huyu haumi. Gusa."

Akagusa, akatia saini. Wenzake wanne wa mashua hiyo wakacheka.

Daktari, hata hivyo, alikuwa amesoma mahali kwamba mashua nyepesi ndiyo mashua yenye kasi. Mama Gundi alipogeuka kukabidhi namba sita, yeye na wenzake wakaanza kupunguza uzito. Nanga, kasia, ndoo, kamba ya akiba, vyote vikaingia guniani na gunia likaning'inizwa majini chini ya gati, lisionekane. Na kwa kuwa kizibo nacho ni kitu, na kina uzito wake, kikaingia pia.

Kwenye boya la kwanza walikuwa wa tatu. Kwenye la pili walikuwa wa mwisho, maji yakiwa yamewafika magotini. Ndoo ya kuyachotea ilikuwa kule gatini, ndani ya gunia moja na kizibo.

"Nimekodi mashua, sikukodi bafu!" Daktari alifoka alipovutwa mpaka gatini na boti ya uokoaji. Daktari huyu ndiye anayetibu meno ya nusu ya kamati.

Jumatatu Mama Gundi aliitwa kikaoni, akakuta karatasi imeshapigwa chapa: *Mimi fundi nakiri kwamba nilisahau kufunga kizibo.* Asaini kufikia Ijumaa, au arudishe funguo za karakana. Yeye akaweka mezani gunia alilolitoa chini ya gati asubuhi hiyo, likingali linachuruzika, na juu yake fomu ya makabidhiano yenye saini ya Daktari.

"Hizo ni karatasi za kazi, Mama," mwenyekiti alisema. "Hapa tuko kikaoni."

"Kwani kikao kinahusu nini, Mwenyekiti? Harusi?"

Hakuna aliyefungua gunia. Mtu mmoja aliomba liondolewe, linalowesha kumbukumbu za kikao.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku akipiga pindo la suruali.

"Saini tu yaishe, mke wangu. Wino haumuumizi mtu."

"Nikisaini, ina maana kugusa kizibo ni upuuzi wangu mimi. Mwakani hawagusi. Watano wakizama, utakuja kuniambia wino haumuumizi mtu?"

Mumewe akakata uzi, akaigeuza suruali upande wa pili. Suala la kusaini hakulirudia.

Ijumaa Mama Gundi alirudisha karatasi ile bila saini, safi kama alivyopewa. Funguo hawakuzichukua. Si kwamba haki ilitendeka, la: namba tatu ilikuwa imepasuka ubavu, na katika kamati nzima hapakuwa na mtu anayejua gundi huchanganywa na nini. Barua ya onyo wakaitia kwenye faili lake hivyo hivyo, kwa kosa lililofanywa na mwingine, lililosainiwa na mwingine, na ambalo ushahidi wake walikuwa wameuona ukidondosha maji mezani pao.

Jumamosi namba tatu ilikuwa imepona. Mwenyekiti alisimama chini ya lile tangazo, akawakumbusha manahodha kwamba mashua zote ni sawa, akaivua kofia. Mama Gundi, ambaye huhesabu kila kitu, alivihesabu vikaratasi. Vilikuwa vitano. Namba mbili ilikuwa tayari majini, na Daktari ameshakaa kwenye usukani bila kuchota.

Alimfuata hadi ukingoni mwa gati.

"Gusa kizibo, Daktari."

Akagusa.