Mama Sinema na Kijiji Kilichobaki Chini ya Ziwa

Saa moja asubuhi, boti ya mbao inakwenda taratibu kama inayonyemelea. Mbele ameketi mwanamke wa miaka arobaini na sita, macho ameyakaza kwenye kioo kidogo kilichofungwa kwa skrubu juu ya ubao. Nyuma, mdogo wake wa kiume ameshika mkono wa injini, anasubiri kuelekezwa.

"Kushoto kidogo," dada anasema bila kuinua uso. "Kidogo tu. Hapa tunapita shuleni."

Ukiangalia, shule huioni. Ni maji matupu, ya kijani, yametulia. Lakini kwenye kioo unajitokeza mstari mweupe ulionyooka, kisha wa pili, ikakutana na kufanya kona. Ni ukuta wa darasa, mita nne chini ya boti.

"Darasa la tatu," anasema. "Nilichapwa humo kwa ajili ya hesabu za kugawanya."

"Na mpaka leo hujui kugawanya," mdogo wake anadakia. "Ukigawa samaki, mimi napata vichwa."

Tangu afunge mashine hiyo ya kutafuta samaki, wavuvi wenzake wamembandika jina la Mama Sinema. Halimuudhi. "Kweli naangalia sinema," anasema. "Tatizo ni kwamba waigizaji wote nawafahamu."

Miaka tisa iliyopita ziwa lilianza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Msimu wa kwanza lilimeza mwalo tulikoegesha boti, wa pili likaingia bustanini, wa tatu watu wakaamka wanakanyaga maji vyumbani. Kaya sitini na mbili zilibeba mabati na milango zikahamia mlimani. Kuta zilibaki.

Yeye wakati huo alikuwa fundi cherehani. Kule mlimani wateja walikuwa wa kuhesabu, kwa hiyo akaungana na mdogo wake kwenye boti. Haikuchukua muda akagundua kwamba ghuba waliyokuwa wakivua ni mtaa wao wenyewe, na mtaa huo una meno. Mwaka juzi nyavu nne ziliraruliwa na kuta. Kisha nondo ya jengo fulani ikatoboa boti.

"Tulichota maji kwa sufuria mpaka nchi kavu," anakumbuka. "Mdogo wangu hajui kuogelea. Siku ile nilijiambia, dada mtu, ama tuone kilichoko chini, ama tuache kazi hii."

Aliuza cherehani. Mdogo wake aliongeza akiba yake, wakaenda mjini kwenye duka la vifaa vya boti.

Muuzaji, kijana mwenye subira, aliwawekea mashine tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, inaonyesha kina kwa tarakimu na vipicha vya samaki. Mama Sinema aliuliza kama vile vipicha ni samaki kweli.

"Mara nyingine ni samaki, mama," muuzaji alijibu. "Mara nyingine ni majani tu. Sitakudanganya."

Ya pili ilikuja na kadi yenye ramani za ziwa zima, kila ghuba na kina chake. Mdogo wake alitaka hiyo hiyo. Muuzaji akaiwasha, akavuta picha mpaka kwenye ghuba yao.

Hapo Mama Sinema alisogeza uso karibu na kioo. Ramani ilikuwa imechorwa kabla maji hayajapanda. Mahali pa kijiji chao palipakwa rangi ya nchi kavu. Barabara ilikuwepo. Kituo cha afya kilikuwepo. Mwalo ulikuwa pale pale alipouacha.

"Sikutaka kuondoa macho," anasema. "Nilijua ramani ile ni ya uongo, ingetupeleka moja kwa moja kwenye kuta. Lakini ni mahali pekee duniani ambapo kwetu bado kukavu."

Ya tatu haikuwa na ramani yoyote. Ila ilitazama chini na ubavuni pia, na kila ilipopita ilijichorea kina yenyewe na kukihifadhi. Fedha zao zilitosha ama hiyo ama ile ya pili.

"Tuchukue hii isiyojua kitu," alimwambia mdogo wake. "Tutaifundisha sisi." Kisha akamgeukia muuzaji. "Mwanangu, hebu niwashie tena ile nyingine kabla hatujaondoka."

Muuzaji akaiwasha, akaondoka kwenda kupanga kamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kwa miezi mitano sasa, dada na mdogo wake wameichora ghuba mstari kwa mstari. Jioni dada anamsomea shangazi yao alama alizohifadhi, naye anamwambia huu ni ukuta wa nani. Wavuvi wengine wanakuja kunakili alama hizo, na tangu hapo hawajasikia wavu ulionasa kwenye nondo. Zamani walirudi na kilo saba za sato kwa siku. Sasa wanapata kumi na tano, kwa sababu sato hujificha kandokando ya kuta.

"Wamehamia tulipohama sisi," anasema. "Hata kodi hawalipi."

Sehemu moja tu hawatupi wavu. Waliifikia wiki ya pili, kioo kilipoonyesha duara la tangi la saruji ambalo baba yao, mwashi, alilijenga kando ya nyumba. Mdogo wake alizima injini.

"Sato walikuwa wamejaa pale," mdogo wake anasimulia. "Nikamwambia, dada, samaki hawajui nyumba ya nani. Akanijibu, sisi tunajua."

Nyuma ya nyumba hiyo ndipo alipozikwa mama yao, mwaka mmoja kabla ya maji. Wamepita juu yake mara nyingi. Mashine inaonyesha tope tupu, laini kama shuka lililotandikwa.

Baba yao ana miaka themanini na moja. Hajashuka ziwani tangu wahame. "Nikaelee juu ya kitanda changu?" aliwajibu walipomwomba waende naye mara ya kwanza. Lakini kila wanaporudi huuliza swali moja: "Mama yenu mmemwona?"

"Bado, baba."

Mwezi uliopita hakuuliza. Alisema tu kwamba kutoka kwenye tangi mpaka kaburini ni hatua kumi na saba, ukiupa mlango mgongo, na kwamba hatua zake yeye ni fupi kuliko za watu wengine.

Mama Sinema amepanga kiangazi hiki, maji yakishuka kidogo na kutulia, wapite pale kwa mistari ya karibu karibu, kisha wazamishe jiwe na kufunga boya jeupe juu yake. Jiwe lishatafutwa. Boya lishapakwa rangi.

"Jana baba aliniita pembeni," anasema, sauti ikipungua. "Aliniuliza kama yale makoti ya kuelea yanatengenezwa ya saizi ya mzee."