Mtoto Aliyesema kwa Sauti Yangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya mtaa wa Majengo yakaanza kujaa redio za Dubai, nilipelekwa Songea kufanya mazoezi ya ualimu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, nikitokea Singida. Nilipangiwa chumba cha watoto ambao shuleni waliitwa wagonjwa wa akili. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye.

Chumba kilikuwa na watoto sita na redio kaseti moja, zawadi ya wafadhili. Mwalimu wa chumba hicho, mama mtu mzima ambaye hata mwalimu mkuu alimwamkia shikamoo, alinifundisha kuitumia. Unarekodi neno, unamsikilizisha mtoto, unarudisha kanda nyuma, unamsikilizisha tena mpaka alitamke. Nikarekodi kwa sauti yangu: maji, ugali, mama.

Nilikabidhiwa msichana wa miaka tisa ambaye hakuwa amewahi kusema neno. Mama yake, mkulima wa kijiji cha Maposeni, alikuwa amemleta akae kwa shangazi wa mtoto mjini ili asome. Spika ilipokoroma tu, mtoto aliziba masikio na kujikunja chini ya dawati.

"Mfunge mikono," mwalimu alisema, akanirushia kanga.

"Mwalimu, anaogopa."

"Ukimhurumia hatajifunza. Na maksi zako ninazo mimi."

Nikamfunga kwenye kiti. Siku za kwanza nilimfunga huku nikitazama pembeni. Wiki ya tatu nilikuwa naifanya kazi hiyo huku nikiongea na wenzangu dirishani. "Lete mikono. Tulia wewe! Lete mikono." Alikojoa kitini mara mbili, nikamkaripia mara zote mbili.

Siku mkufunzi kutoka chuoni alipokuja kunikagua, niliwasha redio. Mtoto hakuziba masikio. Alininyooshea mikono yote miwili, vifundo vya mikono vimebanwa pamoja, akafungua kinywa.

"Lete mikono. Tulia wewe! Lete mikono."

Ilikuwa sauti yangu kabisa, na lafudhi yangu ya Singida. Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani. "Ameongea! Kanda imefanya kazi." Akaandika. Nilipata A.

Habari zikafika Maposeni. Mama yake alikuja kwa miguu, nguo zina vumbi hadi magotini.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa mwanangu amesema. Amesema nini?"

Mwalimu wangu alinitazama. Nikajibu, "Amesema mama."

Yule mama aliketi chini palepale mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Alimchukua mtoto akaondoka naye.

Baada ya siku chache alirudi peke yake.

"Mwalimu, nakaa naye kutwa nzima, namsubiri. Hasemi. Labda mimi sijui kumuuliza."

"Nyumbani kwako hakuna redio," mwalimu wangu alimjibu bila kuinua kichwa.

Kwa hiyo akauza mbuzi wake, akanunua redio kaseti, akaja nayo kwangu imefungwa kwenye shuka. Nikampa kanda. Nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza.

"Na akiziba masikio?" aliuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mwalimu wangu alikuwa ametoka, tulikuwa wawili tu.

"Mshike mikono," nikamwambia.

Alinishukuru sana. Mwezi uliofuata nilihitimu, nikapangiwa kazi Nalasi, mbali na Songea, nikafundisha hesabu. Sikwenda Maposeni kuwatazama.