Kijiti Ukingoni mwa Korongo

Niliondoka nyumbani kwangu Mkonze kwa sababu ya ahadi ambayo aliyeitoa hayupo tena. Mke wangu Sechelela alizaliwa chini ya milima ya Kiboriani, upande wa Mpwapwa. Miaka yote ya ndoa yetu alinieleza njia ya kuuzunguka mlima wa kwao: unapanda upande huu, unavuka makorongo, unakunywa maji ya chemchemi kule juu, unashuka upande wa pili hadi unarudi pale pale ulipoanzia. "Siku moja nitakuzungusha," alikuwa akisema. Mimi ni seremala, na kila siku kulikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza.

Tulimzika mvua zilizopita. Watu wema waliniambia nijikaze, maisha yaendelee. Nilijikaza mpaka nikachoka. Mvua mpya zilipokaribia niliona nikizidi kukawia makorongo yatafunga njia, na sikuwa na hakika kama magoti yangu yangenisubiri msimu mwingine. Nikafunga karakana.

Asubuhi nilipanda basi la Mpwapwa. Pale Mbande wauzaji walikimbilia madirishani, nami nikanunua karanga. Basi lilipokwisha kukata kona kuelekea Kongwa ndipo nilipoona nimenunua pakiti mbili. Moja niliitia mfukoni.

Mpwapwa nilichukua bodaboda hadi kijijini. Kabla sijashuka nilisikia sauti ya Sechelela ikiniita, na moyo ulinipasuka. Alikuwa Nyemo, dada yake mkubwa, amesimama mlangoni na mikono imejaa unga. Sauti zao ni moja. Nilikuwa nimesahau hilo, au nilijisahaulisha.

"Msandawe wetu huyo!" alisema. "Nilidhani asali ya kwenu Chemba imekunasa miguu, shemeji."

"Asali imekwisha, shemeji. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, mimi nikiwa nimekaa kando, mbali na macho ya mama mkwe, kama adabu inavyotaka. Nilimweleza Nyemo nilichokuja kukifanya. Alikusanya vyombo.

"Kesho nitakupeleka," alisema. "Lakini huko mlimani mkubwa ni mimi. Nakujua, wewe ni mwepesi wa kuchemka."

Kulipokucha tulianza kupanda. Korongo la kwanza lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Nyemo alipiga magoti, akafukua kwa viganja, na muda si mrefu maji yakaanza kukusanyika shimoni, kwanza ya matope, kisha safi. Tulikunywa, naye akalifunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilichafue. Sechelela alikuwa akifunika ndoo zetu za Mkonze vivyo hivyo, kwa haraka na ukali, kana kwamba mbuzi wanaweza kuingia jikoni.

Baada ya hapo njia ilikuwa mawe na mizizi. Korongo la pili tulilivuka maji yakitufika kwenye vifundo. La tatu lilikuwa na mawe yenye utelezi, nami nikaanguka kwa makalio katikati ya maji na kutamka neno la Kisandawe, lugha yetu ya kugonga ulimi.

Nyemo alicheka hadi akashika mti. "Ulimi wako unagonga kama kuni zinazovunjwa! Mdogo wangu alisema ukiumia ndiyo unakuwa Msandawe kamili."

Kwa hiyo Sechelela alikuwa akizungumza habari zangu huku kwao. Nililowa mwili mzima, lakini habari hiyo ilinipasha joto.

Mchana tulifika chemchemi. Nitasema kweli: nilitarajia kitu. Sijui nini. Labda kwamba nikinywa maji aliyoyanywa akiwa mtoto, nitamwona karibu. Niliinama nikanywa. Yalikuwa baridi, yenye harufu ya majani. Chura alilia, akanyamaza. Nilitoa ile pakiti ya pili ya karanga, nikaikuta imelowa, nikaiweka juu ya jiwe. Kisha nikalia, maana nilikuwa nimefika mahali pote alipotaka nifike, na bado hayupo.

Nyemo aliosha uso wake, akakaa upande wa pili wa maji. Hakuniambia nijikaze.

Alasiri tulishuka upande wa pili. Juu yetu jua lilikuwa linawaka, ila nyuma, kileleni, wingu lilikuwa limekaa zito. Tulipokaribia korongo la mwisho tulisikia mngurumo. Mchanga haukuonekana. Maji mekundu yalikuwa yanashuka na magogo. Ng'ambo niliuona moshi wa nyumbani, na mama mkwe akianua nguo. Pale tu, mwendo wa kutema mate.

Nilivua viatu. Baada ya kungoja miaka yote ile, na baada ya ile chemchemi isiyonijibu, sikutaka kuzuiwa na korongo. Nilitaka kuumaliza siku ile ile mzunguko alioniahidi Sechelela.

"Halifiki kiunoni hili," nilisema.

Nyemo alinishika shati kwa nyuma, akanivuta nikakaa chini. Alivunja tawi, akatoa kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia, kisha akakaa na kuanza kusuka upya nywele zake.

Nilikikodolea macho. Nilikuwa nakifahamu kile kijiti.

Nyumbani Mkonze, kila nilipochemka kwa sababu ya mbao iliyopasuka au mteja msumbufu, Sechelela alichomoa njiti moja ya fagio, akaichomeka ardhini mbele yangu, akaenda zake kufagia. Baadaye alirudi, akaitazama njiti, akanitazama mimi, ndipo akazungumza. Nilidhani ni utani wa kabila lake, Wagogo. Sikuwahi kumuuliza.

"Shemeji," nilisema, "hicho kijiti ni cha nini?"

"Ukiyatazama maji yenyewe yanakudanganya," alijibu bila kuinua macho. "Kijiti kinakwambia kama yanapanda au yanashuka. Yakikiacha nyuma, unavuka. Yakikifunika, unakaa."

Nilimweleza kuhusu njiti za fagio. Alicheka, kisha kicheko kikageuka, tukalia wote wawili ukingoni. Kijiti kilifunikwa hadi ikabaki ncha tu, halafu taratibu kikaanza kuonekana. Kilipobaki kwenye mchanga mtupu, Nyemo alinishika mkono, tukavuka.

Siku iliyofuata nilirudi Mkonze. Nyumba ilikuwa kimya kama nilivyoiacha. Nilikwenda nyuma ya mlango lilipo fagio lake, nikachomoa njiti moja, nikaichomeka uani mbele ya kiti changu. Sasa najua alikuwa hanichezei. Alikuwa amekaa ng'ambo yangu, akingoja maji yangu yashuke, nipitike.

Jioni Nyemo alipiga simu, na ile sauti ikanichoma tena.

"Shemeji, maji yamefika wapi?"

Niliitazama njiti. "Bado yameifunika."

"Basi kaa," alisema. "Hakuna anayekuharakisha."

Nikakaa.