Samaki wa Bujumbura

Mwaka wa 1966 kanisa letu lilimtuma Orpah kueneza injili Uganda, Rwanda na Burundi. Wifi yake Nyanchoka alibaki Migori akiuza ndizi, wivu ukimla. Kwani huyo Orpah ana nini? Hata kuimba, anafuata wengine tu!

Sabato aliyorudi, Orpah alitusimulia alivyopikiwa samaki mtamu sana huko Bujumbura. Nyanchoka akasimama upesi. Sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba, na hapo aliona amemnasa.

“Huyo samaki alikuwa na magamba, wifi?”

Watu wote wakageuka. Orpah akainamisha kichwa.

“Sikuangalia, wifi. Wewe ungeangalia. Ndiyo maana nilimwomba mchungaji akutume wewe. Akakataa. Akasema una mdomo.”