Vernella na Wimbo wa Pilau

Vernella Lezama hushona sare za shule mjini Point Fortin, na mtaa mzima unajua kuwa ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika shati limebana, humjibu, "Shati halijapungua, baba. Umeongezeka wewe, na kwa hilo sikutozi." Watu hucheka, na kesho hurudi. Lakini kuimba, hapana. Miaka kumi na tisa hakuimba hata akifua.

Zamani aliwahi kupanda jukwaani kwenye mchujo wa kalipso, zile nyimbo za kisiwani za mzaha na kejeli, uwanjani San Fernando, na wimbo mrefu wa huzuni kuhusu taabu za dunia. Uwanja ule hauna huruma. Watu huja mchana na vyakula vyao, vinywaji kwenye barafu, na roli za karatasi za chooni. Mwimbaji akiwachosha, huzipeperusha juu. Siku ile zilipanda nyeupe pe mpaka watazamaji wa mbali wakapotea, naye akashuka ubeti wa pili haujaisha.

Mwaka huu daktari alimkataza mumewe, Rawle, kula usiku. Rawle akaanza kuiba pilau. Vernella akaitungia beti, akawa anazisema tu huku anashona, na jirani yake Sumintra alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, hizi ukizifungia humu ndani ni dhambi. Nenda mchujo."

"Na wakinipepea tena?"

"Si wapepee tu! Mikono ni yao."

"Basi wakinipepea, Sumi, mdomo huu sifungui tena. Hata kanisani."

Rawle alinuna. "Yaani unitangaze mlafi kisiwa kizima?"

"Tumbo lako limeshakutangaza, mume wangu. Mimi natia muziki tu."

Kwenye majaribio ya kuingia mchujo Vernella alifaulu. Siku yenyewe ilipofika jua lilikuwa la saa saba, na gauni jipya alilojishonea lilimganda mgongoni. Bendi ikaanza. Mahali pake pa kuingia pakafika, pakapita. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haimo. Bendi ikazunguka tena, akapitwa tena. Karatasi ya kwanza ikainuka, halafu ya pili, halafu upande mzima wa kushoto.

"Mama, rudi kwenye cherehani!" mtu wa mtaani kwao akapiga kelele.

Vernella akageuka kutafuta ngazi, ndipo akamwona Rawle mstari wa mbele, paja la kuku mkononi. Rawle naye alipoona ameonekana, akalificha nyuma ya mgongo wa Sumintra, mzee mzima, kama mtoto.

Vernella akacheka peke yake, mbele ya kipaza sauti, na uwanja wote ukamsikia. Akainua mkono, bendi ikanyamaza.

"Nyie wa karatasi," alisema, "Mungu awabariki. Mume wangu kamaliza sufuria la pilau tangu Jumatano, na nyumbani karatasi zimekwisha. Msipepee tu. Nirushieni!"

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na karatasi zikaruka kweli, moja ikampata mpiga tarumbeta. Vernella akaokota roli nne, akazipachika kwapani kama mtu atokaye dukani. "Haya, maestro, twende."

*Daktari kasema, Rawle asile usiku,*
*asubuhi sufuria limelambwa na kuku.*
*Kuku gani huyo, semeni majirani,*
*mwenye masharubu, mkongojo na miwani?*

"Raaawle!" uwanja ukajibu. Hakuna aliyewafundisha. Ubeti wa tatu ulipofika, Rawle alikuwa amesimama juu ya kiti, anapunga lile paja, anapokea makofi kama waziri. Vernella akaimba ubeti wa nne, akaimba wa tano, akamaliza.

Fainali hakuingia. Waamuzi walimweka wa ishirini na sita, wakisema alichelewa kuanza, na hilo ni kweli. Vernella, Rawle na Sumintra walipokuwa wanakusanya vyombo vyao vya chakula, vijana wasiomfahamu walipita wakimwita Rawle kwa jina na kumuuliza habari za pilau.

"Umeniharibia heshima," Rawle alisema, lakini alikuwa amevimba kwa raha. "Mwakani uimbe mambo yako mwenyewe. Imba unavyokoroma."

"Mimi sikoromi."

"Muulize Sumi, anakusikia kupitia ukutani."

"Nasikia," Sumintra akasema. "Hata mbwa wangu anasikia."

"Mwakani, basi," Vernella akasema, akaanza kutafuta neno litakaloendana kwa vina na kukoroma.